MIOME ya Mombasa: chuo cha jamii gani?



Tuishio Marekani tunakijua vizuri kitu kinachoitwa huku chuo cha jamii. Ama sisi wenyewe tumepita mlangoni mwake, ama ndugu zetu, ama watoto wetu. Mmoja anakwenda kutengeneza Kiingereza chake, mwengine anafuata cheti cha uuguzi, wa tatu anasoma miaka miwili kwa ada nafuu kisha anahamia chuo kikuu, na masomo aliyokwisha kufaulu yanahesabiwa. Kile cha Joliet, Illinois, ambacho ndicho kikongwe kati ya vyuo vya umma vya namna hii, kilianza 1901 na wanafunzi sita tu, ndani ya skuli ya sekondari. Jina lenyewe la "chuo cha jamii" likaja kuenea baada ya ripoti ya tume ya Rais Truman ya 1947, iliyotaka elimu ya juu ishuke mpaka mitaani kwa watu.

Mwaka mmoja tu baada ya ripoti hiyo, Mei 1948, huko kwetu Mombasa kilipata hati yake ya msingi chuo kilichokusudiwa nacho kuwa cha jamii, ila jamii yake haikuhesabiwa kwa mtaa wala kwa wilaya. Ilihesabiwa kwa dini. Ndiyo Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo kila mtu wa pwani anaijua kwa jina la MIOME. Leo ni Technical University of Mombasa, na kijana anayesoma pale Tudor huenda asijue kabisa kwamba majengo yale yenye matao na kuba yalijengwa ili mtoto wa Kiislamu wa Afrika Mashariki apate kuwa fundi wa umeme.

Nataka niieleze historia ya chuo hiki kwa sababu kila inapotajwa panazuka makundi mawili. Kundi moja linasema, "Ilikuwa mali yetu Waislamu, tukanyang'anywa." La pili linasema, "Hamkunyang'anywa kitu, ile ilikuwa hila ya Mwingereza kuwafanya muwe mafundi wa bomba wenzenu wakisoma udaktari." Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini kila moja linaruka sehemu ya habari.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Elimu ya kizungu Kenya ililetwa na wamishonari. Rabai, karibu kabisa na Mombasa, ilikuwa na misheni ya Kianglikana tokea 1846, na Freretown ikafuata 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mtu wa Old Town au wa Kisauni aliyetaka mwanawe ajue kusoma Kizungu alikuwa hana budi kumpeleka mahali ambapo darasa na kanisa vilikuwa paa moja. Wengi walikataa, na mimi siwalaumu. Mtoto alikwenda chuoni kwa mwalimu, akahitimu Kurani, akajua fiqhi na labda nahau na sarafu, na akajua kuandika barua kwa hati za Kiarabu. Kwa ulimwengu wa babu yake huyo alikuwa msomi. Kwa ulimwengu wa karani wa reli alikuwa hajui kitu.

Serikali ilifungua skuli ya Waarabu Mombasa 1912, lakini ilikuwa moja, ndogo, na kama jina lake linavyosema, ilikuwa ya Waarabu. Hapo ndipo palipokuwa na donda jengine. Kenya ya wakati ule iligawa kila kitu kwa rangi: skuli za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Mswahili akabaki katikati, leo anahesabiwa huku, kesho kule, na familia moja ikaweza kuwa na ndugu wawili walioandikwa makabila mawili tofauti ili mmoja apate nafasi ya darasa au kodi nafuu. Wenye umri watakumbuka namna mambo haya yalivyovunja nyumba.

Wapo wanavyuoni walioona mapema kwamba mambo hayawezi kwenda hivi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akiandika tangu miaka ya 1930 katika gazeti lake la al-Islah kuwahimiza Waislamu wasome elimu ya kisasa bila ya kuiacha dini, na akiwasema watu wake kwa ukali ambao leo tungemwona anatuaibisha mbele ya wageni. Alifariki mwaka mmoja kabla ya hati ya MIOME kutoka. Kwa hivyo asiwepo mtu wa kusema kwamba fikra ya kuwasomesha Waislamu ilitua kutoka London. Njaa ilikuwapo, na waliojua kuieleza walikuwapo pia.

Lakini aliyeipeleka fikra ile kwenye karatasi za serikali alikuwa Sir Philip Mitchell, Gavana wa Kenya kuanzia 1944 mpaka 1952. Huyu bwana hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki. Alitumikia Tanganyika miaka mingi na Kiswahili akikijua, kisha akawa Gavana wa Uganda, ambako alijishughulisha sana na kuikuza Makerere. Alipofika Nairobi alikuwa ameshajionea namna Waislamu walivyokuwa wachache katika elimu ya juu ya eneo zima. Na tusiwe watoto wadogo: vita vimekwisha, Uingereza inahitaji makoloni yazalishe, bandari ya Kilindini inakua, mafundi wanatakiwa. Ihsani na hesabu ya faida vilikwenda pamoja, kama kawaida ya serikali yoyote.

Fedha zilitoka pande nne. Kwanza Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, ambaye mwambao wa Kenya ulikuwa bado milki yake kwa jina, na bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa. Pili Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, ambaye 1945 alikuwa tayari ameasisi East African Muslim Welfare Society kwa ajili ya kujenga misikiti na skuli. Tatu jamii ya Mabohora. Na nne serikali ya Uingereza kupitia Wizara ya Makoloni.

Hebu itazameni orodha hiyo tena. Ibadhi, Ismaili, Bohora na Mkristo wa London, wamechanga kwa ajili ya chuo ambacho wanafunzi wake wengi wangekuwa Sunni wa madhehebu ya Shafii. Sijui kama leo tungeweza kuwakalisha watu hao meza moja kwa ajili ya kujenga hata kisima. Waliafikiana, na sababu ni kwamba kilichokuwa kinajengwa hakikuwa madrasa ya kufundisha itikadi, ilikuwa karakana. Hakuna msumeno wa Kishia na randa ya Kisunni.

Jambo hili ndilo ninaloliona kubwa kabisa katika habari ya MIOME, na husemwa kidogo. Katika nchi ambayo kila mlango wa skuli uliandikwa rangi ya anayeruhusiwa kuingia, mlango huu uliuliza dini tu. Mwarabu, Mswahili, Mdigo, Mhindi, Msomali, Mwafrika wa bara aliyesilimu babu yake, wote walikuwa na haki sawa ya kuingia. Na haukuwa wa Kenya peke yake. Ulikuwa wa Waislamu wa Afrika Mashariki, Zanzibar, Tanganyika na Uganda zikiwamo. Ndiyo, ni ubaguzi wa aina yake, kwani Mkristo wa Taita asingeingia. Lakini ukiupima na ubaguzi uliouzunguka, ulikuwa dirisha.

Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Chuo kilikuwa cha bweni, cha wavulana. Mabinti hawakuwamo katika hesabu ya waasisi, na hilo pia lilikuwa na bei yake baadaye. Majengo yalikusudiwa yamwambie mzazi kitu kabla mwalimu hajafungua mdomo: matao, kuba, minara, na msikiti ndani ya uwanja. Mzazi aliyemnyima mwanawe skuli ya misheni kwa miaka arubaini akaona mahali ambapo adhana inasikika na mashine ya kukerezea chuma inasikika. Mimi naamini msikiti ule ulifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote la gazetini.

Kilichofundishwa kilikuwa ufundi: uhandisi wa mashine, umeme, useremala na ujenzi. Atakayedharau haya afikiri kwanza. Pwani haikuwa ngeni wa ufundi. Watu waliojenga majahazi na mitepe, waliochonga milango ya Lamu, waliochoma chokaa na kusimamisha nyumba za ghorofa za mawe ya matumbawe, hawakuhitaji kufundishwa kwamba mkono una akili. Lakini fundi wa jahazi alijifunza kwa kumtazama baba yake, vipimo vyake viko kichwani na kwenye kamba. Bandari ya Kilindini ilitaka mtu anayesoma mchoro, anayejua kwa nini nyaya hii haichukui mzigo ule, na mwenye karatasi ya kuthibitisha hivyo. Ile karatasi ndiyo ilikuwa siri. Bila cheti, fundi hodari aliitwa "kibarua", na kijana mwenye cheti aliyemkuta kazini akawa msimamizi wake. MIOME ilikuwa mahali pa kugeuza mkono wa fundi kuwa mkono wenye cheti.

Nafasi za kazi zilikuwapo. Saruji ya Bamburi ilianza kutoka katikati ya miaka ya 1950, kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe kikaja 1963, na wakati wote ule reli na bandari zikiajiri kutoka Kisumu mpaka Mtwara, kwa sababu zilikuwa shirika moja la Afrika Mashariki.

Sasa nifike kwenye habari ya mtu mmoja, kwa sababu inaeleza nguvu na upungufu wa chuo hiki kuliko takwimu yoyote. Mtoto wa Sheikh al-Amin niliyemtaja, Ali, aliyezaliwa Mombasa 1933, alimaliza skuli na cheti cha Cambridge cha daraja la tatu. Makerere haikumtaka. Kijana huyo akaajiriwa MIOME, kazi ya ukarani na ya kuwasimamia wanafunzi wa bweni. Si mwanafunzi, angalieni vizuri, alikuwa mfanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akahutubia katika Maulidi ya Mtume, Gavana akiwa miongoni mwa wageni, na hotuba ile ikamfungulia njia ya kupata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1955 akaenda Huddersfield, na hapo aliingia chuo cha ufundi cha mji, akaziba mapengo ya masomo yake ya sekondari. Kutoka hapo Manchester, kisha Columbia, kisha Oxford. Mengine mnayajua. Profesa Ali Mazrui hahitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote anayesoma haya.

Huddersfield ilikuwa na nini ambacho MIOME haikuwa nacho? Si mashine bora. Ilikuwa na ngazi. Mtu aliyeanguka mtihani aliweza kuingia mlango wa chuo cha mji, akasoma tena, akatoka kwa mlango wa pili akielekea chuo kikuu. Ndivyo kilivyo chuo cha jamii cha Marekani pia, na ndiyo maana nilianza nacho. Nguvu yake haimo katika kufundisha useremala wala uuguzi, imo katika kwamba anayesoma useremala leo hajafungiwa kusoma falsafa kesho. MIOME ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa karakana. Mlango wa tatu haukutobolewa. Karani wake aliyekuwa na kichwa kuliko wote ilibidi abahatike kusikiwa na Gavana siku ya Maulidi ndipo apate kupanda, na Maulidi ni mara moja kwa mwaka, na Gavana ni mmoja.

Kwa hivyo wale wa kundi la pili, wanaosema ilikuwa hila, nawapa nusu ya haki yao. Siamini kwamba palikuwa na kikao cha kupanga Waislamu wabaki chini. Lakini ukitaka kujua serikali ilikuwa na matarajio gani juu ya watu, usitazame ilichowapa, tazama ilichompa jirani yao wakati uleule.

Jirani huyo ni Royal Technical College ya Nairobi. Hati yake ni ya 1951, mwaka uleule MIOME ilipopokea wanafunzi. Ilikuwa pia ya ufundi, jina lake linasema. Wahindi wa Afrika Mashariki nao walikuwa wakichanga fedha kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, aliyeuawa Januari 1948. Wakakaa na serikali, wakaafikiana kuunganisha mradi wao na chuo kile, na 1956 kikafunguliwa kwa wanafunzi. 1961 kikawa Royal College, 1964 University College, 1970 University of Nairobi. Miaka kumi na minne tu kutoka karakana mpaka chuo kikuu kamili! Na jina la Gandhi liko pale mpaka leo, bawa la maktaba lina jina lake na sanamu yake imesimama mbele ya watu.

MIOME ilichukua miaka sitini na miwili kuikata safari hiyohiyo, na ilipofika, hakuna jina la Sayyid Khalifa, wala la Aga Khan, wala la Mabohora, wala neno "Muslim", katika jina la chuo.

Tofauti iko wapi? Tofauti moja ni mahali. Nairobi ndipo palipokuwa na serikali, na serikali hupenda kujenga karibu na dirisha lake. Tofauti ya pili ni kwamba Wahindi waliingia katika mapatano wakijua wanatoa nini na wanabakisha nini, wakawa na chombo chao kinachosimama nyuma ya jina lile. Wafadhili wa MIOME walikuwa wakubwa, lakini walikuwa wafalme na maimamu. Fedha zilitoka juu. Mzee wa Kibokoni, wa Majengo au wa Vanga hakuchanga senti akaandikiwa risiti, wala hakukuwa na chama cha wanajamii kilichokabidhiwa hati. Wakubwa wale walipoondoka, hakubaki wa kuuliza. Aga Khan alifariki 1957. Sayyid Khalifa akafariki 1960. Oktoba 1963 mkataba ukatiwa saini wa kuukabidhi mwambao kwa Kenya, Desemba Kenya ikawa huru, na 12 Januari 1964 Zanzibar yenyewe ikapinduliwa. Katika muda wa miaka saba mfadhili mmoja amekufa, wa pili amekufa na kiti chake kimevunjwa, wa tatu, yaani Mwingereza, amefunga virago. Wakabaki Mabohora, jamii ndogo ya wafanyabiashara, katika nchi ambayo Mwasia alikuwa anapima kila neno kabla hajalisema.

Ndipo ikaja 1966. Jina likabadilishwa kuwa Mombasa Technical Institute na chuo kikafunguliwa kwa Wakenya wote bila kujali dini. Hapa ndipo kundi la kwanza linapolia kwamba tulinyang'anywa. Tulitazameni jambo hili kwa wakati wake. Tume ya Profesa Ominde, iliyoteuliwa mara tu baada ya uhuru na kutoa ripoti yake kuanzia 1964, ilitaka skuli zote zinazoendeshwa kwa fedha za umma ziwe za umma kweli, bila ya rangi wala dini mlangoni. Skuli za Wazungu zilifunguliwa, za Wahindi zilifunguliwa. Kutaka MIOME peke yake ibaki imefungwa kungekuwa kujitakia uadui, na nani angetoa fedha za kuiendesha? Kwa hilo nasema serikali haikukosea.

Walakini kufungua mlango ni kitu kimoja na kufuta jina la aliyejenga nyumba ni kitu kingine. Alliance iliendelea kuwa Alliance baada ya kuwa ya serikali, na skuli nyingi zilizojengwa na misheni zilibaki na mdhamini wa kanisa, na sheria ya elimu ya 1968 ikawatambua wadhamini hao. Kanisa lilikuwa na ofisi, askofu na mwanasheria. Waislamu wa pwani walikuwa na malalamiko barazani, baada ya Alasiri, kahawa mkononi. Nasema hivi kwa uchungu, wala si kwa kejeli, maana maneno ya baraza zile nimeyasikia tokea utotoni na sijawahi kumsikia mtu anayeuliza hati iko wapi.

Kitu kingine kilichopotea 1966, na ambacho hata wanaolalamika hawakitaji, ni ile sura ya Afrika Mashariki. Kuanzia hapo ni chuo cha Wakenya. Kijana wa Pemba au wa Tanga hakuwa tena na haki ya kuingia Tudor kama yuko kwao. Tanganyika ilikuwa na chuo chake cha ufundi Dar es Salaam tokea 1957, lakini kwa Zanzibar ya miaka ile, Mombasa ilikuwa karibu zaidi kwa damu na kwa bahari, na mpaka ulipofungwa, ulifunga na hilo.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, cha pili cha taifa baada ya Kenya Polytechnic ya Nairobi iliyoanza 1961. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokuwa enzi yake nzuri kabisa, na inastahili sifa kuliko inayopewa. Masomo yalipanuka kutoka mashine na umeme mpaka majengo, biashara na uhasibu, sayansi za maabara na afya. Wasichana waliingia. Wafanyakazi walikuja kwa vipindi, miezi darasani na miezi kazini, mwajiri akilipa, na sheria ya mafunzo ya viwandani iliyorekebishwa 1971 ikawatoza waajiri mchango maalumu kwa kazi hiyo. Mtu aliweza kuanza na cheti cha ufundi mchundo, akarudi baada ya miaka kuchukua diploma, kisha diploma ya juu. Hiyo ilikuwa nusu ya ile ngazi niliyosema. Nusu, kwa sababu juu ya diploma ya juu palikuwa na dari. Vyuo vikuu vya Kenya kwa muda mrefu vilimtazama mwenye diploma ya polytechnic kama mtu wa pembeni, na aliyetaka digrii mara nyingi alitafuta njia ya ng'ambo. Wapo waliokwenda hivyo na hawakurudi.

Agosti 2007 dari lilitobolewa. Polytechnic ikapandishwa kuwa Mombasa Polytechnic University College, tawi la Jomo Kenyatta University of Agriculture and Technology. Na mkuu wa heshima wa chuo kikuu hicho, aliyeteuliwa 2003 na Rais Kibaki, alikuwa nani? Profesa Ali Mazrui. Yule karani wa bweni la MIOME, aliyekataliwa Makerere kwa daraja la tatu, akawa Chansela wa chuo kikuu ambacho MIOME ilikuwa tawi lake. Mwenye kutunga riwaya angeambiwa ametia chumvi.

Mwanzoni mwa 2013 Kibaki, akikaribia kuondoka madarakani, akatoa hati ya chuo kikuu kamili, na Technical University of Mombasa ikazaliwa. Pwani University ya Kilifi ilipata yake karibu wakati uleule. Hebu fikirini: mwambao mzima wa Kenya, kutoka Vanga mpaka Kiunga, ulifikisha miaka arubaini na tisa ya uhuru bila ya chuo kikuu kimoja cha umma chenye hati yake.

Leo TUM inafundisha uhandisi, sayansi za afya, biashara, kompyuta na fani za jamii, ina matawi Kwale na Lamu, na imebakisha masomo ya diploma pamoja na digrii. Hilo la mwisho nalipongeza, kwa sababu Kenya ilipozipandisha polytechnic zake mbili kubwa, wengi waliogopa, na kwa haki, kwamba nchi itapata wahandisi wa karatasi na kukosa mafundi wa kufunga mota. Serikali yenyewe iliona pengo, ikapandisha vyuo vingine kujaza nafasi. Mombasa Technical Training Institute ikawa 2016 Kenya Coast National Polytechnic. Msichanganye majina, hicho ni chuo kingine, si mrithi wa MIOME, ingawa kazi anayoifanya ni ileile aliyoiacha ndugu yake alipovaa joho.

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Katika zama za Rais Mkapa serikali iliwapa Waislamu majengo ya Morogoro yaliyokuwa ya mafunzo ya shirika la umeme, TANESCO, na hapo pakafunguliwa Muslim University of Morogoro. Kenya, chuo cha Waislamu cha kufundisha umeme kikawa cha serikali. Tanzania, chuo cha serikali cha kufundisha umeme kikawa cha Waislamu. Ndugu zetu wa Dar wana malalamiko yao kuhusu elimu, tena marefu, yanataka makala yake peke yake.

Ninalotaka ni dogo. Chuo kile kibaki cha kila Mkenya, Mgiriama, Mkamba na Mluo, kama kilivyo. Lakini katika uwanja ule wa Tudor pawe na ukuta au chumba kinachosema nani alichanga, mwaka gani, na kwa ajili ya nani. Na waliopita MIOME kati ya 1951 na 1966 sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi, wengine wako Muscat, Dubai, Leicester na Toronto, na vyeti vyao vimo chini ya vitanda ndani ya masanduku ya bati. Mwenye baba au ami wa namna hiyo amkalishe, amrikodi sauti, avipige picha vyeti vile kabla mchwa haujafika.

Wabillahi tawfiq.